Mabingwa wa Muthurwa

Mteja alikuwa ameshaivaa ile jezi juu ya shati lake, ameshajitazama kwenye kioo cha Ndindi wa kibanda cha pili, na mkono wake ulikuwa tayari mfukoni, ndipo Nasike alipofungua mdomo akaiharibu biashara yake mwenyewe.

"Hiyo ya Akron nitakuuzia," alimwambia, "lakini nisikudanganye. Hiyo timu mwaka huu haiendi mahali. Tumefika katikati ya msimu, wamecheza mechi nane, wameshinda mbili, na hizo mbili waliziokota tu."

Mkono wa mteja ukatoka mfukoni mtupu. Ndindi, aliyekuwa akikunja mapazia, alisonya kwa makusudi asikike. Miaka sita ya kuuza bega kwa bega na Nasike pale sokoni Muthurwa ilikuwa imemfundisha kwamba mwenzake huyu hana mdomo wa biashara.

Bidhaa yenyewe ilikuwa na taabu zake. Jezi za mpira wa Marekani, ule unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu, huja katika belo za mitumba zikiwa pana mabegani na nyembamba kiunoni, na wanunuzi wengi hawajui ni za nani. Nasike naye hakujua. Alianza kuzifuatilia kwenye simu ili ajue ipi aitundike mbele na ipi aitupe kwenye rundo la fagia, la bei ya kutupa. Akanogewa. Kabla hajajielewa alikuwa anaamka alfajiri kutazama marudio ya mechi huku uji ukifurika jikoni. Majina ya timu aliyatia Kiswahili chake mwenyewe: Wahunzi wa Akron, Korongo wa Toledo. Maoni yalimjaa kifuani, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikiliza, yalimpata yeyote aliyeshika jezi.

Mteja huyu, mwanamume wa makamo mwenye miwani, hakuondoka kama wengine. Aliuliza kwa nini hao Akron wanapigwa hivyo.

"Kocha ni mwoga," Nasike alisema. "Kule unapewa majaribio manne usukume mpira yadi kumi. Huyu, jaribio la nne hajaribu kamwe. Anaupiga mpira mbali, anawapa wapinzani. Sasa mtu anapewa nafasi nne, anatumia tatu, ya nne anaigawa, utamwitaje?"

Akaulizwa kuhusu timu za vyuo. Akasema Chuo cha Harwood wameshinda mechi zote saba na kila mtu anawasifu, lakini wamecheza na nani? Wamecheza na vyuo ambavyo hata yeye na Ndindi wangevifunga wakiwa na leso viunoni. Ndindi akaomba asiingizwe. Akaendelea kwamba vijana wa vyuo huanguka na kuinuka wakicheka, lakini wale wa kulipwa huanguka wakitazama kwanza kama mguu uliolipiwa bado uko, na hiyo ndiyo tofauti, mengine ni porojo.

Mteja alicheka mpaka akavua miwani. Alijitambulisha kuwa Kilonzo, wa Jirani Redio, kituo kidogo kilichokuwa ghorofani kule Umoja. Vijana wa mtaa wameanza kuupenda mchezo huo, alisema, na amemkosa mtu wa kuuzungumzia kwa lugha inayoeleweka. Jumamosi saa tisa alasiri kulikuwa na nusu saa isiyo na kipindi. Aje ajaribu. Wasikilizaji wakimpenda, nusu saa hiyo itakuwa yake kila Jumamosi mpaka msimu uishe Februari, na kwa malipo. Kisha akanunua jezi ya Toledo, kwa ushauri wa muuzaji.

Wakoli, mume wa Nasike, aliipokea habari hiyo akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Nyumba yao ya Lucky Summer ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande wa pili mtoto wao Marion akisoma, na hakuna neno lililosemwa upande mmoja lisifike upande mwingine. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu mashine ya kumimina beseni za plastiki kule kiwandani Baba Dogo iliposhuka juu ya vidole vyake. Kibarua hana likizo ya ugonjwa. Msimamizi alimwambia arudi mkono ukifunga vizuri, na kila aliporudi mtu mwingine alikuwa amesimama pale pake.

"Redio ya kuongea nini?" aliuliza.

"Mpira wa Amerika."

"Ule wa kofia?"

"Ule wa kofia."

Wakoli alijitazama kifuani. Alikuwa amevaa tisheti yake ya kijivu ya kupumzikia nyumbani, aliyoletewa na Nasike kutoka kwenye belo moja la ajabu lililokuja na tisheti mpya tupu, lebo zikining'inia, kifuani zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba Akron ni Mabingwa wa Dunia, na mwaka wake. Belo lile liliisha kwa siku nne, na mpaka leo ukitembea Pipeline au Baba Dogo hukosi kukutana na bingwa wa Akron akisukuma mkokoteni.

"Mama Marion," alisema hatimaye, "watu wakisikia mke wa Wakoli analisha nyumba kwa kusimulia wazungu wanaogongana, uso wangu nitauweka wapi?"

"Uache hapo hapo ulipo. Mwenye nyumba hatazami uso."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha, na wote wawili walilijua. Wakoli alikuwa ameshazungumza na binamu yake Luseno, ambaye lori lake huleta vitunguu Nairobi na kurudi tupu. Tarehe thelathini lori hilo lingepakia kitanda, jiko na masanduku, na familia nzima ingehamia Kimilili, kule Bungoma, kwenye boma la baba yake. Marion angetafutiwa shule huko katikati ya kidato cha tatu. Muthurwa ingekwisha. Nasike alikuwa amelia juu ya jambo hilo mara moja tu, chooni, kisha akakata shauri kwamba hatalia tena bali atatafuta njia.

Walibishana kwa sauti ya chini mpaka chai ikapoa. Mwishowe Wakoli akatoa neno lake, na alikuwa mtu wa kushika neno. Akikipata hicho kipindi, watakaa. Asipokipata, tarehe ni ile ile.

Studio ilikuwa juu ya duka la mabati, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na mgeni. Mtangazaji alikuwa kijana aitwaye Wahome, mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Alimwonyesha Nasike mahali pa kukaa, akamwambia asigonge meza, akamwita mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa zake. Hakuogopa, kwa kuwa alifumba macho akajiona yuko kibandani. Aliwachambua Toledo, akasema walinzi wao ni wazuri lakini wamechoka kwa sababu washambuliaji hawawapi nafasi ya kupumua. Aliwageukia Harwood akawauliza tena wamecheza na nani. Alieleza yadi kumi na majaribio manne kwa mfano wa mtu anayepandisha mtungi wa gesi ghorofa ya saba, na simu zikaanza kuwaka. Nyuma ya kioo Kilonzo alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, na Nasike aliona, na moyo wake ukaanza kuhesabu Jumamosi.

"Niaje mathe, hebu tuambie ukweli," Wahome alisema. "Kati ya hizi timu zote, gani iko kwa roho yako?"

"Akron. Nawasema vibaya kwa sababu ni wangu. Hawa watu walishakuwa mabingwa, miaka sita iliyopita. Wanajua njia. Wamesahau tu."

Simu iliyofuata ilitoka Eastleigh. Kijana alijitaja kwa jina la Hanad, akasalimia vizuri, kisha akasema, "Mama, na heshima zote, Akron hawajawahi kuchukua ubingwa. Hata mara moja. Hiyo fainali walipigwa."

"Kijana wangu, umekosea."

"Sijakosea, mama. Nilikuwa huko Ohio kwa mjomba. Tuliitazama pamoja."

Hapo ndipo angeweza kusema labda, au tutaangalia. Lakini Nasike alikuwa na ushahidi, na mtu mwenye ushahidi harudi nyuma. "Mimi nimeuza tisheti zao belo mzima," alisema, sauti ikipanda. "Mpya, na lebo. Imeandikwa Mabingwa wa Dunia, na mwaka iko. Bwanangu anayo, saa hii ameivaa. Sasa wewe unaniambia nini?"

Wahome alikuwa ameshageukia kompyuta. Nasike alimwona akisoma, akaona mkono ukienda mdomoni, na mabega yakianza kutikisika. Kicheko kilimshinda. Kilitoka hewani chote, kirefu, na katikati yake sauti ya Hanad ikisikika ikisema pole mama, pole sana, hakutaka iwe hivyo.

Kufikia Jumapili asubuhi kipande kile kilikuwa kwenye simu za watu. Kanisani, mama mmoja wa mlangoni aliyeshika kikapu cha sadaka alimwuliza kama Bungoma nayo imechukua Kombe la Dunia, maana hakuwa ameona tisheti. Jumatatu pale Muthurwa makanga wa matatu walimwita Bingwa kutoka ng'ambo ya barabara. Watu waliosimama kibandani walisimama kupiga picha, si kununua, na mmoja alimwomba aseme tena ile ya bwanangu ameivaa. Ndindi aliwafukuza kwa fimbo ya pazia. Marion alirudi kutoka shuleni akasema hana njaa.

Hayo yote Nasike aliyabeba. Lililomuuma ni Wakoli. Hakucheka wala hakumlaumu. Jumamosi ile ile jioni alivua tisheti kwa mkono mmoja, taratibu, akikataa kusaidiwa, akaikunja na kuiweka chini ya godoro, akavaa shati la kanisani kukaa nalo nyumbani.

Jumanne Nasike alikwenda Gikomba kwa Saado, mama mnene mtaratibu aliyemuuzia belo tangu mwanzo. Stoo yake ilikuwa imejaa mpaka darini. Saado alimmiminia chai ya tangawizi, akamsikiliza mpaka mwisho, hakuonyesha kushangaa hata kidogo.

"Mimi hiyo najua siku nyingi," alisema. "Kule fainali ikichezwa, tisheti za mabingwa zimeshachapwa. Za timu zote mbili. Mchezo ukiisha, za walioshinda zinauzwa hapo hapo mlangoni. Za wale wengine zinafungwa haraka, zinapelekwa mbali."

"Mbali wapi?"

Saado akaonyesha kwa kidevu rundo lililokuwa nyuma yake, na mlango, na watu waliokuwa wakipita nje. "Hapa," alisema.

Nasike alitua kikombe. Aliuliza kwa nini hakuambiwa. Saado akamjibu kwamba hakuuliza, na angejua angeomba apunguziwe bei. Jibu lilikuwa la kweli kiasi kwamba Nasike alicheka bila kupenda, kisha hasira ikampanda, hasira safi ambayo hakuwa ameijua siku hizo zote kwa kuwa aibu ilikuwa imeifunika. Mahali fulani, mtu alikaa ofisini akafikiri kwamba uongo huu hauwezi kutupwa kwake, kwa maana watu wa kwake wanajua. Basi utafutwe mji ambao watu wake hawajui kitu na hawatakaa wajue. Na mji huo ni huu. Na Nasike mwenyewe ndiye aliyeugawa uongo huo kwa mikono yake, akaupigia debe, akamvisha mume wake.

Alimshukuru Saado kwa chai, akaondoka akitembea haraka.

Kilonzo alipiga simu Alhamisi. Nasike aliipokea akijua anaambiwa asante kwaheri, lakini Kilonzo alikuwa mchangamfu. Kile kipande kimesikilizwa kuliko kitu chochote walichowahi kutoa, alisema. Nusu saa ni yake. Ila kipindi kitabadilika kidogo. Kitaitwa Mama Bingwa, na kazi yake itakuwa kukosea. Wahome ataandika maneno, atauliza, na yeye atajibu vibaya kwa ule uhakika wake wote, watu wacheke. Malipo ni yale yale.

Alimsimulia Wakoli wakati Marion amekwenda kuchota maji. Alitarajia mumewe atasema chukua, maana tarehe thelathini ilikuwa siku sita mbele, na yeye mwenyewe nusu ya moyo wake ilikuwa imeshachukua.

"Pesa ni ile ile?" Wakoli aliuliza.

"Ile ile."

Aliutazama mkono wake. "Kiwandani niliitwa kijana, na mimi ni baba ya mtu," alisema. "Nilivumilia, kwa sababu mkono ulikuwa unafanya kazi ya maana na mimi nilijua. Wewe kazi yako ni huo mdomo, Mama Marion. Niliusikia ile Jumamosi, kabla ya ile simu. Sikujua unajua vitu hivyo. Sasa ukiwapa wauchezee, utabaki na nini? Afadhali twende Kimilili na heshima zetu."

Nasike alikaa karibu naye. Maneno yale yalimwingia, na katika miaka kumi na minane ya ndoa hakukumbuka kuambiwa mengine mazuri kama hayo. Lakini hakukubaliana na mwisho wake.

"Kimilili siendi," alisema, "na kuchekesha sichekeshi. Jumamosi nitaenda kuongea mpira. Wakinitoa, watanitoa nikiwa naongea mpira."

Jumamosi Wahome alimpa karatasi mbili zilizochapwa. Ukurasa wa kwanza alitakiwa kusema kwamba Chuo cha Harwood kiko Kakamega. Nasike alizisoma zote kwa adabu, akazikunja, akazikalia. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasee, Mama Bingwa yuko ndani ya nyumba," Wahome alisema. "Mathe, wiki hii nani amechukua ubingwa?"

"Hakuna. Msimu uko katikati," Nasike alisema. "Na mimi naitwa Nasike, nauza jezi Muthurwa. Wiki iliyopita nilisema uongo hapa. Sikujua ni uongo. Leo nataka kuwaambia ulitoka wapi."

Akawaambia. Aliwaeleza juu ya tisheti zinazochapwa mara mbili kabla ya mechi kuisha, juu ya walioshinda na mlango wao, na juu ya belo la walioshindwa. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba aliposimama kibandani na kuapa, hakuwa mjinga, alikuwa mtu aliyesoma kilichoandikwa akakiamini, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili. Nyuma ya kioo Kilonzo alikuwa amesimama, kiganja kikikata koo, ishara ya kumtaka Wahome aweke muziki. Wahome alimtazama bosi wake, akamtazama mama huyu, na kidole chake kikabaki juu ya kitufe bila kubonyeza.

"Sasa nauliza," Nasike alisema. "Wewe unayenisikiliza, iko ingine kwa nyumba yako? Nenda uangalie kabatini. Nipigie uniambie imeandikwa bingwa ni nani, na mwaka gani. Tuangalie pamoja."

Kwa muda hakuna simu iliyowaka. Kisha ikawaka moja. Alikuwa mwanamke aitwaye Batulo, wa Pipeline, aliyesema kwamba mtoto wake hulalia tisheti ya chuo kimoja, bingwa wa miaka mitatu iliyopita. Wahome akaangalia kwenye kompyuta. Walishindwa, alisema, kwa alama moja. Batulo akauliza kama ni sawa mtoto aendelee kulalia. Nasike akamwambia pamba haina makosa.

Baada yake walipiga wengi wasihesabike. Bawabu wa Donholm alikuwa na kofia. Fundi wa viatu wa Kariobangi alikuwa na sweta mbili za timu mbili zilizodai ubingwa wa mwaka mmoja, na siku zote alidhani waligawana. Kila aliyepiga, Wahome alisoma matokeo, na Nasike alieleza mechi ile ilipotelea wapi: hapa waliacha kukimbia, hapa kocha alipiga hesabu mbovu ya saa. Watu walicheka, naam, lakini walikuwa wakicheka pamoja naye, na kila mmoja akikicheka kifua chake mwenyewe. Hanad naye alipiga kutoka Eastleigh. Alisema siku ile ya fainali mjomba wake alilia, na angejua kuna mji mzima ambako Akron ni mabingwa angehamia.

Kiganja cha Kilonzo kilikuwa kimeshuka zamani. Nusu saa ilikwisha, akawaongezea dakika kumi, na katika hizo kumi Nasike alitoa maoni yake ya katikati ya msimu kama alivyokuwa amekusudia tangu mwanzo. Harwood watapigwa watakapokutana na chuo cha kwanza chenye walinzi wazito. Toledo watafika mbali. Akron watafunga msimu na ushindi wa mechi nne, tano Mungu akipenda.

Kipindi kilipokwisha Kilonzo alimwita pembeni akamwambia amevunja makubaliano. Nasike akasema hawakuwa na makubaliano, walikuwa na simu. Kilonzo akasema basi sawa, nusu saa ni yake, lakini kipindi cha maana hakina mfadhili, kwa hiyo atalipwa nusu, na jina libaki Mama Bingwa kwa sababu watu wamelizoea.

"Nusu mpaka Krismasi, halafu tukae tena," Nasike alisema. "Na jina langu nimeshalisema hewani. Uandike hapo kwa karatasi, Bwana Kilonzo, tafadhali, ndio nishuke."

Akaandika. Nusu ile pamoja na kibanda ingetosha kodi na karo, na chakula cha watu wawili bila kuponda raha. Wa tatu ndiye aliyeleta shida, na Wakoli alikuwa ameipiga hesabu hiyo kabla mkewe hajafika nyumbani. Alishika neno lake: familia inakaa. Lakini tarehe thelathini yeye atapanda lori la Luseno peke yake, akae kwa mama yake mpaka mkono upone, kuliko kukaa hapa anakula jasho la mtu huku anatazama ukuta.

"Utarudi lini?" Nasike aliuliza.

"Mkono ukifunga."

"Na usipofunga?"

Wakoli akaanza kukunja nguo zake. Nasike alimsihi, kisha akamkasirikia, kisha akamfungia mandazi ya safari. Alimjua. Mwanamume anayeogopa kuwa mzigo anaweza kwenda kwa wiki nne akakaa miaka minne, kila mwezi akisema bado kidogo. Asubuhi ya tarehe thelathini lori lilipokata kona yeye na Marion walisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, kisha mtoto akaenda shule na mama akaenda Muthurwa.

Jumamosi ya tatu ya kipindi, Nasike alikuwa na jambo zito mkononi. Mrushaji wa Toledo, yule mchezaji anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, alikuwa amevunjika mkono anaorushia katika mechi ya Jumapili. Kijana wa akiba aliingia akacheza vizuri mno. Mashabiki wengi walikuwa wanasema yule wa zamani auzwe, hata akipona hatakuwa yule. Nasike alilieleza jambo hilo, akafungua simu.

"Hujambo," sauti ilisema. Ilikuwa mbali na ilikatikakatika, na nyuma yake jogoo aliwika. "Naitwa Wakoli. Nasikiliza kwa simu, kutoka Kimilili."

Wahome aliinua kichwa. Nasike alishika ukingo wa meza.

"Karibu, Bwana Wakoli wa Kimilili," alisema. "Una maoni?"

"Nina swali. Huyo mrushaji aliyeumia." Akakohoa. "Hapo timu iko sawa bila yeye. Wanashinda. Na daktari hajui kama mkono utarudi vile ulikuwa. Sasa, kwa maoni yako wewe, wamwache ama wamngoje?"

Kulikuwa na majibu ya kimpira, na Nasike aliyajua yote: umri wake, mkataba wake, takwimu za yule kijana wa akiba. Wahome alimpa ishara kwamba hewa imekuwa tupu mno.

"Wamngoje," alisema.

"Hata kama hatarusha tena?"

"Hata kama. Huyo si mkono, ni mtu wao. Asirushe, asimame pale pembeni awaambie wapi kuna nafasi. Lakini aje akae na timu. Mambo ya kuuguza mkono mbali na wenzake, hayo mimi siyaungi mkono hata kidogo. Umenisikia, Bwana Wakoli?"

Simu ilinguruma kidogo. Jogoo akawika tena.

"Nimesikia," Wakoli alisema. "Lori la Luseno linashuka Nairobi Jumatano."

"Sawa," Nasike alisema. Alipangusa macho kwa ncha ya leso, akasogeza maikrofoni, na kuomba simu inayofuata.